Faili na Picha Yake
Nyumba njema si mlango. Wala faili si picha iliyo juu yake. Karani wa Magoma, wilayani Korogwe, akikuta hesabu ya ujira wa wakata mkonge imegeuka karatasi nyeupe katika kioo cha kompyuta, huweza kudhani imeharibika, akaifuta. Na jasho la watu likapotea. Windows huitambua faili kwa herufi za mwisho wa jina lake, mathalani .xlsx, kisha huiita programu iliyopewa kazi ya kuifungua. Uhusiano huo ukikatika, hesabu yenyewe husalia salama. Dawa ni kuibofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kuchagua programu iipasayo, na kuamuru iwe hiyo daima. Abadiliye herufi tu hubadili jina, habadili asili. Basi alama itengenezwe, hesabu isihukumiwe.