Niandikwe Nipande: Barua kutoka Mwanza

Dada yangu mpenzi,

Natumai goti la Mama limepoa. Mimi sijambo, ila baridi ya asubuhi ya huku imenifanya nijitande kanga mbili, na jioni ukivuma upepo wa ziwani natamani ya tatu. Ulisema niandike kila nikionacho, nisikubakizie. Basi kaa kitako, agiza chai.

Jumatatu ndege ilipoanza kushuka, dirishani sikuona ila maji. Nilidhani rubani amegeuza, tumerudi Unguja. Watu husema ziwa, nawe unafikiria bwawa. Kumbe hili la Viktoria lina kilomita za mraba zipatazo 68,000, na kisiwa chetu chote ungekitumbukiza humo zaidi ya mara 40. Halafu mawe! Mwanza wanaiita Mji wa Miamba, na sikujua kama wanasema kweli mpaka nilipoyaona majabali marefu kuliko misikiti yetu yamepandana yenyewe, bila saruji wala fundi. Juu yake watu wamejenga nyumba, wamefua, wameanika. Watoto wanashuka shule kwa vijia vya katikati ya mawe huku wakikimbia, mimi napanda kwa kushika ukuta. Mitaani wanatembea korongo wenye vipara, warefu hadi kiunoni mwangu, hawampishi mtu.

Jioni nikaenda kulitazama jiwe la Bismarck, lile la kwenye picha zote, linalosimama majini juu ya wenzake. Nikatoa simu nilipige picha. Simu ikateleza, ikafika kwenye mwamba kabla yangu. Imepona nusu: inapiga, inapokea, lakini kioo kimepitiwa na mistari ya kijani toka juu mpaka chini. Shika habari ya mistari hiyo, ina mambo yake huko mbele.

Pale ufukweni alikuwapo kijana anaosha pikipiki. Nikamwuliza, kwa sauti ya mtu mzoefu wa pwani, maji yanapwa saa ngapi nipate kutembea kidogo. Akaacha kuosha. “Yapwe yaende wapi, mama?” Wallahi nilicheka mpaka nikakaa. Hayapwi, hayajai, yapo tu, yakipanda kidogo ni mvua. Nikachovya kidole nikalamba: hamna chumvi. Yule kijana akanionya nisitie miguu, kuna kichocho. Bahari isiyokuwa na chumvi na mtu haruhusiwi kurowesha miguu, dada, hilo sikuwahi kulifikiria.

Jumanne mwenyeji wangu alinipeleka soko la dagaa la Mwaloni, Kirumba, kule nilikotumwa na wewe. Harufu ilitupokea kabla ya geti. Magunia ya dagaa yamepangwa hadi darini, wachukuzi wanapita na mizigo kichwani wakipiga kelele tupishe, na wafanyabiashara kutoka Kongo wanahesabu magunia kwa Kiswahili chao kizuri cha kuvuta. Dagaa wa huku ni wadogo, wembamba, wanang'aa fedha. Wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, kama wetu, na mbalamwezi ikitoka wavuvi hupumzika. Ila hawawachemshi! Sisi tunawatia kwenye pipa la maji ya chumvi ndipo tuwaanike. Wao wanawamwaga juani wabichi, wengine juu ya mchanga, wengine kwenye vichanja. Nilimwuliza mama mmoja mbona hawatii chumvi, naye akaniuliza mbona sisi tunatia. Tukatazamana, kila mmoja akimsikitikia mwenzake.

Huyo mama nilimsalimu kwa Kisukuma “mwangaluka”, salamu ya asubuhi, kwa mbwembwe, maana nilifundishwa asubuhi. Ilikuwa saa kumi jioni. Akanijibu kwa upole “mwadila”, ya jioni, akanifungia kipimo, akaongeza na kiganja kizima juu. “Wabeja,” nikashukuru, na hiyo angalau haina saa.

Nimeona pia mabondo, kile kifuko cha hewa cha ndani ya sangara. Kinakaushwa, kinasafirishwa hadi China, na kilo yake inauzwa ghali kuliko nyama ya samaki mwenyewe. Mchana nililetewa sato mzima wa kukaanga, na mkia unatoka nje ya sahani, na ugali, kwa shilingi 9,000. Pale kwetu Forodhani kwa fedha hiyo ungepewa mishikaki na tabasamu. Mnofu mtamu, mweupe, mwiba mchache. Nikaulizia kama kuna wa nazi. Mhudumu akaniletea limau. Hapo, dada, ndipo nilipokukumbuka.

Jumatano nilivuka kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe. Kwenye dirisha la tiketi wakataka jina kamili, umri, namba ya simu. Foleni ndefu, jua kali, mwandishi anaandika herufi moja moja. Nikaguna. Bibi aliyekuwa nyuma yangu, amebeba kuku kwenye kikapu, akanigusa bega: “Waache waandike, mwanangu. Wa Bukoba hawakuandikwa.”

Alikuwa akiisema meli ya MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikitoka Bukoba, imekaribia kabisa Mwanza. Walikufa watu zaidi ya 800. Wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wa daraja la tatu, kule kwa nauli nafuu walikojaa wengi, hawakuwa nayo. Wengi wamezikwa Igoma, nje kidogo ya mji. Bibi alinieleza kwamba siku zile watu walizunguka wakitaja majina ya ndugu zao, na hapakuwa na karatasi ya kuwajibu kama walipanda au hawakupanda.

Sikuwa na la kusema, maana sisi tunaijua habari hiyo kwa upande wetu. Spice Islander, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, mbele ya Nungwi: meli iliyoruhusiwa watu 645, maiti zilizopatikana 203, kisha tume ikaja kutaja waliopotea zaidi ya 1,300. Unakumbuka tulivyokaa Maisara kwenye mahema, kila mtu na jina lake mkononi. Nikamtajia mwandishi jina langu herufi kwa herufi, na la Baba, na la Babu.

Alhamisi narudi Mwanza, simu ikalia: ujumbe wa shirika la ndege. Nijiandikishe safari ya kesho mtandaoni, nichague kiti, kisha nioneshe bodingi pasi kwenye simu au niichape. Nikajiandikisha, nikachagua dirishani. Ikaja ile pasi na msimbo wake wa vijimraba, na juu ya msimbo, mistari yangu ya kijani. Binti wa mwenyeji wangu akajaribu kuusoma kwa simu yake. Haukusomeka. Nikaugeuza, haukusomeka. “Shangazi,” akasema, “hapa ni stesheneri tu.”

Tukateremka mjini, karibu na Makoroboi. Stesheneri yenyewe ni chumba kimoja: kompyuta mbili, printa, mashine ya fotokopi, na ukutani namba ya WhatsApp imeandikwa kwa rangi nyekundu, kubwa kuliko jina la duka. Hakuna tena habari ya kuja na flashi. Unatuma, unasimama, unasubiri zamu. Mbele yangu alikuwapo mwanafunzi na fomu za mkopo, baba mmoja na mkataba wa kiwanja, na dada wa kamati ya harusi aliyetaka kadi zitoke na maua ya dhahabu. Kwetu ungeanza na salamu, ukaulizwa ya nyumbani, ya Mama, na mtoto kafaulu? Hapa kijana aliniuliza jambo moja tu: “Rangi au nyeusi?” Nilipomsalimu kwa kirefu aliona haya, akasimama, akanipa kiti chake.

Zamu yangu ikafika, na umeme ukakatika.

Hakuna aliyelalamika. Mwenye mkataba akafungua gazeti, dada wa harusi akaagiza juisi ya parachichi, akaninunulia na mimi. Juisi ya parachichi, dada, nzito unaila kwa kijiko! Katika kusubiri, yule kijana akanifunza mambo ambayo miaka yote nimepanda ndege siyajui. Msimbo ule, kumbe, siyo siri kubwa: ndani yake mmeandikwa jina lako, namba ya uhifadhi, unakotoka na unakokwenda, namba ya ndege, kiti, na wewe ni abiria wa ngapi kujiandikisha. Hata tarehe imo, ila huandikwa kwa kuhesabu siku za mwaka, tarehe 1 Februari ikawa 032. Ukichapwa kwenye karatasi kaunta, mara nyingi huwa ni mistari iliyorundikana. Kwenye simu ni vijimraba. Kwa hiyo usiikunje karatasi katikati ya msimbo, na usikubali ichapwe kwa wino unaoelekea kwisha, mstari mweupe mmoja ukipita, mashine inaweza kukataa. Halafu akasema jambo nililolipenda: nikimaliza nimwangalie akifuta faili langu mbele ya macho yangu, maana mwenye jina la ukoo na namba ya uhifadhi anaweza kuifungua safari ya mtu akaichezea. “Wengi wanachukua karatasi wanaondoka,” akasema, “pasi zao zinabaki hapa kwenye kompyuta.”

Utaratibu huu wa misimbo wenyewe si wa zamani. Unakumbuka vile vitabu vya tiketi vyenye kaboni nyekundu, alivyovificha Baba ndani ya msahafu asije akavipoteza? Mashirika ya ndege ya IATA yaliviacha kuanzia tarehe 1 Juni 2008. Misimbo hii ilikubaliwa mwaka 2005 na kufika mwisho wa 2010 ikashika kila mahali. Ulaya wamekwenda mbali zaidi: shirika la Ryanair tangu Novemba 2025 wanataka pasi ya kwenye simu, ya kuchapa nyumbani hawaitaki tena. Wangekutana na kioo changu!

Na Mwanza msiidharau kwa ndege. Tarehe 28 Februari 1931 shirika la Imperial Airways la Uingereza lilianzisha safari ya kila wiki kutoka London, na kituo chake cha mwisho kilikuwa hapa hapa, kando ya ziwa hili, kabla njia haijaendelezwa hadi Cape Town. Sehemu hii ya njia ilirukwa kwa ndege zinazotua majini. Ziwa lisilopwa ndilo lililokuwa uwanja.

Umeme ukarudi, printa ikakohoa, karatasi ikatoka na mstari mweupe katikati ya msimbo. Kijana akaitupa, akatikisa wino, akatoa nyingine safi, akafuta faili huku akinionesha. “Jero tu, mama.” Shilingi 500, na ile iliyoharibika hakuihesabu. Nikaitia kwenye bahasha, bahasha kwenye mkoba, mkoba chini ya mto.

Ijumaa nilifika uwanja wa ndege mapema mno kwa daladala. Nikapita getini nikiishika karatasi yangu mbele. Nikaambiwa vizuri, ila kwa kuwa una mzigo pitia kaunta. Mzigo ni dagaa wako. Dada wa kaunta akalinusa boksi kwa mbali, akauliza wamefungwaje. Plastiki, nikasema, kisha plastiki, kisha gunia, kisha boksi, kisha tepu. Akacheka, akapima, akabandika kibandiko. Kisha, bila hata kuitazama karatasi yangu, akanichapia bodingi pasi nyingine, ndogo, ngumu, bure kabisa, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Nilisimama na pasi mbili, ya jero na ya bure, sikujua niipe ipi heshima. Lakini sikuijutia jero yangu. Mlangoni kila pasi ilisomwa, jina likaingia. Tulipokwisha kaa, mhudumu akapita akihesabu vichwa kwa kidole, akarudi, akahesabu tena, akalinganisha na karatasi aliyoletewa, ndipo mlango ukafungwa. Jirani yangu alipiga ulimi kwa kuchelewa. Mimi nilitamani kumwambia aliyoniambia yule bibi wa kuku. Siku zote nilidhani karatasi hii ni ruhusa ya mimi kuingia. Sasa naiona upande wa pili: ni ahadi ya wenye chombo kwamba wanajua nimo. Mtu anayeandikwa ana haki ya kutafutwa, na hiyo haipaswi kuwa ya daraja la kwanza peke yake.

Namalizia kuandika hapa Dar, joto limenirudia na kanga moja inatosha. Nitabaki kwa shughuli za Kariakoo. Barua na boksi nampa jirani yetu anayevuka kwa boti ya asubuhi, naye ameshaonesha kitambulisho na jina lake limeandikwa. Dagaa usiwakatae kwa sababu hawana chumvi. Wachambue mchanga, waoshe maji matatu, wakaange vitunguu na ndimu, mwonjeshe Mama kwanza bila kumwambia wa wapi. Akiomba tena, ndipo tuzungumze bei ya gunia. Na siku nitakayofika, nipikie pweza wa nazi, tafadhali, nazi mbili.

Mdogo wako.