Maziwa, Maji na Laktomita



Ndugu mmoja wa kidato cha kwanza aliniuliza bwenini, ati kujua densiti kutamfaa nini mtu anayekusudia kuwa mkulima. Kengele ya kulala ilikuwa imekwisha kulia, basi nilimjibu maneno mawili tu. Yaliyosalia nayaleta hapa.

Kila kitu chenye tungamo na chenye kushika nafasi ni maada: jiwe, maji, hata hewa tuvutayo. Ukigawa tungamo lake kwa ujazo wake, wapata densiti. Haya sote tumeyaandika daftarini, na wengi wetu huyasahau mtihani ukiisha. Lakini tia maji sentimita za ujazo 50 katika silinda ya kupimia, uyapime kwa mizani: ni gramu 50 hivi. Yamwage, utie maziwa ya ng'ombe kiasi kile kile: utapata kama gramu 51.5. Ziada hiyo ni protini, sukari na chumvichumvi zilizomo katika maziwa. Gramu moja na nusu ni kitu kidogo sana, na juu yake yasimama sifa ya kila muuza maziwa.

Chombo kiipimacho ni laktomita, mrija wa kioo uliozibwa, wenye uzito chini ili usimame wima. Kitu kinachoelea husukuma kando kimiminika chenye uzito sawa na uzito wake. Archimedes wa Syracuse alilieleza jambo hili zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Hivyo laktomita huzama kidogo katika kimiminika kizito, na huzama zaidi katika kilicho chepesi. Maziwa yenye densiti 1.030 husomeka 30. Changanya sehemu tisa za maziwa hayo na sehemu moja ya maji, kipimo kitashuka hadi 27. Mwizi amekamatwa, utasema.

Sasa sikilizeni. Kwetu ni Rungwe, na mama yangu hupeleka maziwa ya asubuhi kwenye kituo cha kukusanyia, ambako yasiyofika 28 hukataliwa. Katika likizo ya Juni 2024 maziwa yake yalikataliwa siku nne mfululizo. Nyumba yetu iko karibu na kituo, naye hupenda kuwahi. Alikuwa akikamua na kufika pale ndoo ingali na joto la ng'ombe. Majirani watokao mbali, ambao hutembea muda mrefu katika baridi ile ya asubuhi, maziwa yao yalipita. Siku ya nne mtu mmoja katika foleni alisema kwa sauti kwamba mto umeanza kutoa maziwa. Mama hakumjibu. Alirudi nyumbani akayamimina yote katika sufuria ya mtindi. Ada yangu ya shule yatokana na ndoo ile, lakini naamini lililomwuma zaidi ni lile neno la foleni.

Siku ya tano nilifuatana naye. Kipimo: 26.

“Shikamoo, mzee,” nilimwambia mpimaji. “Nakuomba tuyaweke haya haya kando, mbele ya macho yako, yapoe, kisha uyapime tena.”

“Marahaba. Mama yako amekutuma?”

“Hapana, mzee. Ni mambo ya darasani.”

Alicheka, lakini alikubali. Kipimajoto kilionyesha digrii 34. Tuliliweka jagi katika beseni la maji baridi, tukalikoroga polepole mpaka likafika 21. Kipimo: 29 na nusu. Watu wa foleni walisogea kutazama.

Sababu yake ni kwamba kitu kikipata joto hutanuka. Tungamo halibadiliki, ujazo waongezeka, densiti yapungua. Laktomita nyingi zimetengenezwa kwa maziwa ya digrii 20, na kwa kila digrii moja iliyozidi huongezwa 0.2 katika kipimo. Tena maziwa yaliyotoka kukamuliwa yana vipovu vya hewa, na mafuta yake hayajaganda. Hayo nayo huyapunguzia densiti. Heri kuyaacha yapoe kabisa kuliko kutegemea hesabu.

Na kuna jambo la kuchekesha. Mafuta ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo ukiengua malai, maziwa yaliyobaki huwa mazito na kipimo hupanda. Mjanja akiisha kuengua, hutia maji mpaka kipimo kirudi 30, akapita akitabasamu! Kwa sababu hiyo kipimo cha mafuta chahitajika pia, nacho kituoni kwetu hakipo.

Siku ile maziwa ya mama yalipokelewa. Fedha za siku nne zilizotangulia hazikulipwa, na yule bwana wa foleni hakusema kitu. Siku hizi mama huweka ndoo katika maji ya kijito kwanza, kisha hufika kituoni miongoni mwa watu wa mwisho.