Juu ya Kumkosoa Mchoraji

Aghalabu mtu akionyeshwa picha hutoa moja katika hukumu mbili: nzuri au mbaya. Zote mbili ni nyepesi kwa msemaji, wala hazimfaidii mchoraji. Aliyeambiwa nzuri hajui arudie nini kesho. Aliyeambiwa mbaya hajui aache nini.

Pliny, mwandishi wa Kirumi aliyefariki mwaka 79, alisimulia kwamba Apelles, mchoraji wa Kiyunani, aliweka picha zake mbele ya wapita njia, akajificha nyuma yake asikie wasemavyo. Mshona viatu alitia dosari katika kiatu, Apelles akakisahihisha. Siku ya pili fundi yule, kwa kiburi cha kusikilizwa, akaanza kuukosoa mguu. Akaambiwa asipande juu ya kiatu. Wachoraji huipenda hadithi hii, wala si ajabu, maana yawapa ushindi. Lakini huisahau nusu yake ya kwanza: bingwa alijificha ili asikie, na neno la mshona viatu juu ya kiatu lilikuwa kweli.

Siku hizi mashujaa wa ngano na wa kubuni huchorwa kwa kompyuta. Programu ya Photoshop ilitoka mwaka 1990, na mwaka 1994 ikapata tabaka, yaani mfano wa karatasi angavu zilizolaliana, mchoraji akaweza kugeuza moja pasipo kuigusa nyingine. Krita hupatikana bure. Wepesi huu wa kufuta umewadanganya wakosoaji wengi. Kwa kuwa mkono hufuta upesi, hudhani kwamba moyo nao huarifiwa upesi ya kuwa kazi ya wiki mbili haifai.

Kijana mmoja wa Mombasa alipata kujibiwa na mwenzake neno moja tu juu ya picha yake, “Upuuzi,” akaiweka kalamu mwaka mzima. Alipoishika tena alimchora Fumo Liongo, yule ambaye mkuki wala mshale haukumdhuru, katika saa yake ya mwisho: mwanawe amekwisha kumchoma sindano ya shaba kitovuni, naye amejikokota hadi kisimani, amepiga goti, ametia mshale katika upinde, na roho imemtoka katika hali hiyo. Ngano yasema watu wa mji walikaa siku kadhaa hawathubutu kwenda kuteka maji, wakidhani yu hai. Picha hiyo kijana aliipeleka, kwa hofu isiyofichika, kwa mwalimu mzee aliyepata kumfundisha kuchora.

Mwalimu alitazama kitambo, akasema, “Mkono wa kulia umelegea, mwanangu. Hauvuti upote.”

“Amekwisha kufa, mwalimu.”

Mzee akanyamaza. Alikuwa amekosoa picha ambayo haikuchorwa, ya mpiga mshale aliye hai. Ndipo akauliza swali lililostahili kutangulia: “Wataka atazamaye aone nini kwanza?”

“Aogope kama watu wa mji, kisha agundue.”

“Basi watu wa mji wamesimama mbali, na mkono uliolegea huonekana toka mbali. Wakiuona watajaza mitungi yao na kwenda zao.”

Kijana alicheka, na tangu hapo kazi ikawa ya wawili. Picha iligeuzwa, kushoto kukawa kulia, hila ambayo Leonardo da Vinci aliwausia wachoraji kuifanya kwa kioo. Kijana akaona mwenyewe, pasipo kuambiwa, kwamba uzito haukulikalia goti, na maiti ile ingeanguka ubavuni kabla ya jua kuchwa. Rangi zilipoondolewa zikabaki weusi na weupe, upinde ulipotea katika ukuta wa kisima, kwa kuwa kiza chao kilikuwa kimoja. Mzee akaomba ruhusa ya kupiga mstari mwekundu juu ya tabaka mpya. Kazi ya kijana ikabaki chini yake salama. Mwisho akaonyesha nukta nyeupe ndani ya jicho, ing'aayo kama taa. Kijana aliitia kwa mazoea, kama aitiavyo katika kila jicho.

Nakshi za ala ya upanga zilikuwa mbaya sana. Mwalimu hakuzitaja. Kiwiliwili kikisogea, upanga nao ungesogea, na nakshi zile zingechorwa upya kwa vyovyote. Tena mtu aliyekaa mwaka mzima bila kalamu alikwisha kupata ya kumtosha jioni moja.

Kijana alirudi baada ya siku tisa. Goti limekaa, upote umekazwa, nukta ya jicho imefutwa. Kidole kimoja tu, cha mwisho katika mkono wa kulia, alikiacha kimelegea, kinyume cha shauri. Mzee aliitazama picha kwa mbali, kisha akaomba isogezwe karibu.