Vidonge Nilivyowapa Vijana wa Ujiji

Vijana waliokuja kupiga tizi kwangu, hapa Ujiji, niliwapa vidonge vya deksamethazoni nikiwaambia ni dawa ya misuli. Nilisikia ni steroidi, nikadhani ndiyo ile ile wanayojichoma watunisha misuli. Sikumuuliza mtu.

Siyo ile. Steroidi za kujenga misuli ni za jamii ya testosteroni, na kujenga zinajenga kweli. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wanaume waliochomwa miligramu 600 za testosteroni kila wiki kwa wiki 10: hata ambao hawakunyanyua vyuma waliongezeka misuli, na walionyanyua wakaongezeka kama kilo 6 zisizo za mafuta. Madhara yake nayo yapo, makende husinyaa, mbegu hupungua, moyo huelemewa. Deksamethazoni ni ya ukoo mwingine, ya kutuliza uvimbe na mzio. Ukiimeza muda mrefu huila misuli, hasa ya mapaja na mabega, huku uso na tumbo vikijaa.

Mmoja wao alikuwa akipakia mizigo kwenye boti za Kibirizi. Mashavu yalipomjaa nilimsifia mbele ya wenzake. Kumbe akichuchumaa hainuki mpaka ajisukume kwa mikono magotini, na akibebeshwa gunia la dagaa ubao wa boti unamshinda. Nikamwambia ni uvivu, nikamwongezea uzito.

Siku aliponiambia, "Kocha, nguvu zimeniisha," nikamwamuru aache vidonge siku hiyo hiyo. Hapo nikaharibu zaidi. Mwili uliozoea dawa hiyo, tezi zilizo juu ya figo huacha kutengeneza homoni ya mwili wenyewe. Ukikata ghafla, presha inaporomoka. Akaanguka. Hospitalini daktari akauliza anatumia dawa gani. Nimesimama pale pale, nikasema sijui. Usiku ule mtaani wakasema karogwa, na jirani mmoja, mama mtu mzima, akatajwa kwa jina. Nikanyamaza.

Asubuhi nilimweleza daktari, kisha mama yake kijana, kisha nikaenda kumwomba radhi yule jirani. Kijana yuko hai. Dozi anapunguziwa kidogo kidogo.

Ninyi wengine niliowapa, tafadhali msiviache leo kwa hasira. Njooni hospitalini na vidonge vilivyobaki. Nitakuwepo, na nitamwambia daktari mwenyewe kwamba ni mimi niliyewapa.