Safari Njema Huanza na Daftari

Kikundi chetu cha wakulima wa korosho wilayani Mkuranga kinajiandaa kwenda Mtwara. Sisi ni watu 12. Mimi ni bwana shamba wao. Tutapita barabara ya pwani itokayo Dar es Salaam kwenda kusini. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni kilometa 560 hivi. Safari ndefu namna hii hupangwa kwanza, gari hupandwa baadaye.

Kwa nini tunakwenda?

Mikorosho yetu inashambuliwa na ubwiri unga. Ugonjwa huu hufunika maua kwa unga mweupe. Maua hukauka, korosho hazipatikani. Karibu na mji wa Mtwara kuna kituo cha utafiti cha Naliendele. Wataalamu wa pale huchunguza korosho, karanga na ufuta. Tunataka kuona kwa macho yetu jinsi wanavyotunza mikorosho.

Twende lini?

Wengine walisema twende Aprili, kwa sababu kazi za mikorosho ni chache. Lakini Aprili ni masika. Mwezi Mei mwaka 2024, mvua kubwa zilikata barabara hii eneo la Somanga. Magari yalikwama, abiria wakateseka. Kwa hiyo tumechagua Julai. Mvua zimekwisha na mikorosho inaanza kutoa maua. Lakini Julai ni wakati wa kupulizia dawa pia. Tumekubaliana hivi: kila mtu apulizie shamba lake kwanza. Kisha tutasafiri siku nne tu, turudi kabla ya zamu nyingine ya dawa. Atakayekosa zamu hiyo atapoteza mavuno.

Fedha

Chukua daftari, tufanye hesabu pamoja. Tuseme gari na mafuta ni shilingi 720,000. Gawanya kwa watu 12. Kila mtu atatoa shilingi 60,000. Chakula na malazi ni mbali.

Hapa palizuka mjadala. Mama mmoja mjane alikuwa na shilingi 35,000 tu. Baadhi walisema abaki, kwa kuwa sheria ni sheria. Mzee mmoja akauliza, "Ni shamba la nani lililougua kuliko yote?" Wote walijua kuwa ni la mama huyo. Basi tukakubaliana kikundi kimkopeshe shilingi 25,000. Atalipa baada ya mavuno. Mweka hazina aliandika deni hilo, mama akalisoma mwenyewe, akatia sahihi. Mwaka juzi angeweka dole gumba.

Gari na dereva

Andikianeni mkataba na mwenye gari. Andikeni bei, siku za safari, na nani atalipa gari likiharibika. Sisi tumeandika mambo mawili zaidi. Abiria wasizidi viti. Tena hatutasafiri usiku.

Njiani

Tutapita Kibiti na Ikwiriri, kisha tutavuka mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa. Daraja hili lilifunguliwa mwaka 2003. Zamani watu walivuka kwa kivuko, na mto ulipofurika walisubiri. Mbele yake ni Somanga, ambako tutapata samaki wa kukaanga.

Tukifika Nangurukuru tutakata kushoto kwenda Kilwa Masoko, tulale hapo. Asubuhi tutachukua kibali, tuvuke kwa mashua hadi Kilwa Kisiwani. Hakikisheni kila mmoja ana jaketi la kuokoa maisha. Huko kuna magofu ya msikiti mkubwa na majumba ya masultani. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Dhahabu ya Sofala ilipitia bandari hiyo. Mwaka 1981 magofu hayo yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Ni vizuri watoto wetu wajue kwamba pwani hii ilifanya biashara na dunia tangu kale.

Kutoka hapo tutapita Lindi na Mikindani, tufike Mtwara jioni. Siku ya tatu ni ya Naliendele. Siku ya nne tutaanza kurudi alfajiri.

Kila mtu na kazi yake

Mmoja ataandika matumizi na kutunza risiti. Wawili wataandika mafunzo ya wataalamu. Mama mjane atauliza maswali ya ubwiri unga, maana yeye anaujua kwa uchungu. Hakuna atakayerudi na miche wala udongo bila idhini ya wataalamu, kwa sababu magonjwa ya mimea nayo husafiri.

Tukirudi, tutakutana na kijiji kizima na kusoma daftari kwa sauti. Waliobaki nyumbani nao wana mikorosho. Ninyi wa vijiji vingine, kaeni chini mwezi huu, mpange safari yenu. Anzeni na swali moja: tunakwenda kujifunza nini?