Mama Kasikia Redioni Mshahara Umepanda

Kuna dada mmoja pale Same, anafanya kazi kwenye mgahawa karibu na barabara kuu ya Dar kwenda Arusha. Basi likisimama ana dakika chache tu: chai, chapati, supu, chenji, "karibu tena kaka". Saa kumi na moja alfajiri keshafika. Kutoka ni mpaka wateja waishe. Mwisho wa mwezi anapewa 150,000 mkononi, karatasi hakuna.

Wenzake wanamtania: "Mpare huyo, bahili mpaka basi!" Soda hanunui, nguo mpya mpaka Krismasi. Anacheka nao. Ila hebu piga hesabu. Chumba 30,000. Mchezo 30,000, maana bila mchezo hatakaa ashike laki tatu kwa mpigo. Kwa mama mlimani 30,000. Imebaki 60,000, yaani 2,000 kwa siku, na humo humo kuna sabuni, pedi, vocha, mkaa na maji ya dumu bomba likikauka. Sasa huo ni ubahili?

Oktoba 2025 serikali ikatangaza kima cha chini cha mshahara sekta binafsi kinapanda kutoka 275,060 hadi 358,322, kuanzia Januari Mosi 2026. Simu zikajaa hiyo habari. Kilichowapita wengi ni kwamba kila sekta ina kiwango chake. Wa benki, wa mgodini na wa mgahawani hawalingani.

Kule mlimani nako redio zipo. Jioni hiyo mama akapiga. "Mwanangu, nimesikia mmeongezewa. Mungu mkubwa! Sasa yale mabati si tutamalizia?"

Dada akaitikia tu, "Ndiyo mama." Aanze kueleza nini?

Kesho yake akamgusia bosi. "Mdogo wangu, biashara si unaiona mwenyewe? Tutaliangalia." Bosi si mtu mbaya. Naye anadaiwa pango, na unga na mafuta ya kupikia havimsubiri.

Januari ikaisha. 150,000 ile ile. Akatuma 30,000 kama kawaida. Haikupita robo saa, mama kapiga: "Hujakosea kutuma, mwanangu?" Kumbe majirani walishaambiwa mabati yanakuja.

Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza ndani ya miaka miwili, akataja mshahara wake. Mama akanyamaza mpaka dada akadhani mtandao umekata.

"Kumbe ulikuwa unatoa thelathini humo humo?"

Dada hakujibu, alikuwa analia kimya kimya nyuma ya jiko.

Jumamosi yake gari la mlimani likashusha kiroba chake: mahindi, maharage, na tangawizi imefungwa kwenye mfuko wa rambo. Mama alisema mwezi ujao asitume kitu. Atatuma, hata kama ni elfu kumi. Lakini hatadanganya tena.

Jumatatu akamwendea bosi tena. Safari hii hakuomba nyongeza, aliomba karatasi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi, mshahara ukiwemo. Bila hiyo karatasi, hata ukienda kulalamika utaanza na "alisema, nikasema". Bosi alimwangalia kama kaombwa hati ya nyumba. Hajampa bado. Dada anamkumbusha kila Jumatatu, kwa adabu, akishamaliza kummiminia chai.

Na wale wenzake bado wanamwita Mpare bahili. Mchana wakianza utani wao, anafunua sufuria na kuwapakulia makande.