Makufuli Yanapogeuka Hereni Kibera

Ukiteremka Adams Arcade jijini Nairobi, ukalipita soko la Toi na mitumba yake, ukashika njia ya Makina, usiende mbio. Katikati ya redio na honi za bodaboda utasikia upepo ukivuma kwa vipindi: fuu, fuu. Hapo pana fundi wa Kibera anayesubu shaba.

Kibanda nilichoingia, kilicho wazi pande mbili, hakikuwa na mtambo wowote wa dukani. Tanuri lilikuwa debe kuukuu lililokandikwa udongo kwa ndani na kujazwa makaa. Gurudumu la baiskeli lililovuliwa tairi lilizungushwa kwa mkono. Ukanda wa mpira uliendesha feni ndogo, nayo ikasukuma hewa motoni. Chungu chenyewe ni kipande cha bomba nene la chuma kilichozibwa chini. Utauliza, mbona hakiyeyuki? Shaba ya manjano, ile ya makufuli na mifereji, huyeyuka kwenye nyuzi 900 na ushei. Chuma hungoja hadi 1,500 na zaidi.

Mchanga ndio ulioniweka pale muda mrefu. Ni laini, umenyunyiziwa maji kidogo tu. Fundi aliufinya, akafungua kiganja: alama za vidole zimebaki, lakini mkono mkavu.

"Mkono ukilowa, usimimine," aliniambia.

Akaushindilia katika fremu mbili za mbao, hereni ya mfano ikiwa katikati. Akazitenganisha, akaitoa, akachonga kijia cha shaba kwa kijiko cha chai.

Onyo lile si mzaha. Unyevu kidogo hutoroka kati ya chembe za mchanga, lakini maji yakinaswa chini ya shaba hugeuka mvuke, yakatanuka takriban mara 1,700, na shaba hurushwa juu. Fundi alipandisha mkono wa shati nikaona kovu. Siku moja alitumbukiza chunguni kufuli lililonyeshewa. Moshi mweupe wa zinki nao huleta homa, ndiyo sababu yeye husimama upande unakotoka upepo.

Nawe kijana uliyetamani kujaribu, usianze na shaba jikoni kwa mama. Yeyusha nta ya mishumaa katika kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji moto, mtu mzima akiwepo, uimimine katika fremu kama zile. Mchanga usiposhindiliwa vizuri, nta itakuumbua vilevile.

Mimi niliondoka na hereni mbili. Mke wangu alizigeuzageuza, akitafuta mahali ufunguo ulipokuwa ukiingia.